Sampuli Mbili Mlimani Baiyun

Leo nimeaibika katika nchi mbili kwa wakati mmoja. Nawaandikia, wafanyabiashara wenzangu wa kundi hili la Guangzhou, nimekaa kitandani, miguu imo kwenye beseni la maji ya chumvi, na kabla mwenzangu Mbarouk hajawasimulia kwa maneno yake (nimeshamsikia huko koridoni akianza), bora niseme mwenyewe.

Mnamjua binti yangu Rehema, aliyeolewa Uingereza. Mwaka huu amenialika. Si kukaa sebuleni, hapana. Kutembea! Wiki nzima kwa miguu, yeye, mumewe na baba mkwe wake, Bwana Alan, kwenye njia inayopita mashambani na juu ya majabali ya pwani. Usiku mnalala nyumba za wageni. Mchana mnateremka ufukweni kula samaki na chipsi huku upepo unawapiga makofi. Wenyewe wanaita kupumzika.

Nikasema nakwenda. Rehema akaweka sharti.

"Baba, umri umekwenda. Panda mlima hapo hapo Guangzhou, ukifika juu nipigie video nikuone. Ukishindwa, sisi tukitembea wewe utabaki nyumbani na paka wetu. Viatu vya kupandia milima unavyo?"

"Ninavyo," nikasema.

Sikuwa navyo.

Sasa, ninyi wa siku nyingi mnajua tabia yangu. Sinunui kitu nikiweza kuomba sampuli. Kwetu Shisanhang, kwenye soko la nguo, ukiomba sampuli unapewa shati zima. Basi juzi nikaenda soko la viatu. Nikamwambia laoban mwenye duka la kwanza, mama mmoja mkali, kwamba nafikiria mzigo mkubwa wa buti kwenda Dar (Mungu anisamehe). Akanipa buti. Moja tu. Nikaona si neno. Duka la jirani lilikuwa na buti ile ile, rangi ile ile, namba ile ile. Nikarudia uongo wangu, nikapewa ya pili. Nikazitia kwenye mfuko bila kuzitazama, nikatoka najipongeza kama mtu aliyeshinda soko zima.

Ninyi wa viatu mmeshaanza kucheka. Mimi ni mtu wa nguo! Nani alinieleza kwamba pale sampuli zote ni za mguu wa kulia?

Nimegundua leo mchana, nimekaa kwenye benchi karibu na geti la Mlima Baiyun. Buti ya kwanza ikaingia vizuri. Ya pili ikakataa. Nikaigeuza. Nikaitazama. Nikazilinganisha.

"Yakhe Kassim," akasema Mbarouk, Mzanzibari ninayekaa naye nyumba moja, ambaye nilimleta anishikie simu. "Hizi zote za kulia."

"Nyamaza."

"Panda na kandambili zako bwana, nani anakujua huku?"

Ningemsikiliza ningekuwa mtu mzima mwenye akili. Lakini Rehema alikuwa ameshamwambia mkwe wake kwamba babake ana buti, na Bwana Alan ni mtu wa buti. Hutaka kuziona kabla hajakutazama uso. Nikalegeza kamba, nikausukuma mguu wa kushoto ndani kwa bismillahi. Ukaingia. Kwa shingo upande, lakini ukaingia.

Tukaanza kupanda.

"Mguu mmoja unakwenda mlimani," Mbarouk akawa anatangaza nyuma yangu, "mwingine unaelekea uwanja wa ndege!"

Mnawajua wazee wa hapa wanaofanya mazoezi ya kutembea kinyumenyume? Bibi mmoja mwenye kofia nyekundu alinipita hivyo. Kinyumenyume, kwenye mwinuko! Na kwa kuwa mtu wa namna hiyo anakutazama wewe, tukapanda uso kwa uso, yeye macho kwenye miguu yangu. Akasimama. Akainama. "Aiya!" Akawaita wenzake. Kuanzia hapo nikawa na msafara wa mabibi wanaonipigia makofi kila nikipanda ngazi.

Nilifika juu. Naomba hilo lisisahaulike. Nilifika!

Mbarouk akapiga simu ya video. Rehema akatokea, nyuma yake Bwana Alan ameshika kikombe cha chai.

"Baba! Umefika kweli? Mbona jasho hivyo?"

"Kawaida tu, mwanangu. Naweza kupanda mwingine."

Bwana Alan akauliza kuhusu buti. Kiingereza changu cha sekondari kilitosha kabisa kuelewa.

"Mtandao unakatika," nikasema.

"Haukatiki," akasema Mbarouk. (Rafiki huyo!)

Nikainua mguu wa kulia mbele ya simu. Bwana Alan akaitikia kwa kichwa, ameridhika. Akataka na wa pili. Nikainua tena ule ule wa kulia. Msinihukumu.

Hapo yule bibi wa kofia nyekundu uvumilivu ukamwishia. Akanikalisha kwenye ngazi, akaukamata mguu wangu wa kushoto, akaunyanyua mpaka kwenye simu kama muuza samaki anayekuonyesha kwamba ni wa leo. Kisha akaunyanyua na wa kulia, akaviweka viatu sambamba.

Bwana Alan akasogea mpaka kioo chote kikawa miwani yake. Halafu akatoweka. Nikasikia kikombe kikianguka na mzungu akicheka kutoka sakafuni.

Rehema hakucheka. Hilo ndilo lililonitisha.

"Baba, hivi ni viatu gani?"

"Vya sampuli."

"Si ungesema huna? Ningekununulia!"

"Niliogopa utaniacha."

Akajifuta macho, sijui kwa kicheko au nini.

"Sikuachi. Nakununulia viatu mimi. Na kila asubuhi ya safari nitakufunga kamba mwenyewe, maana wewe huaminiki."

Nilitaka kujibu kwa utani, nikaishia kuivua ile buti ya mguu wa kushoto. Jamani, mtoto huyu sikuwahi kumfunga kamba za viatu vya shule hata siku moja. Nilikuwa huku, naomba sampuli.

Nimeteremka mlima mguu mmoja peku, mabibi wote wakinisindikiza, Mbarouk akipiga picha. Zikifika hapa kwenye kundi, anayetaka kucheka akachekee kwake. Mimi nakwenda Uingereza.