Dume Jeusi la Safari ya Basotu

Jumatatu, 5 Julai 2004
Tumeondoka Bashay! Hatimaye! Kipanya changu nimeking'oa viti vyote, nikaweka kitanda, godoro jipya, jiko la mkaa na mapazia ya pinki. Nyumba inayotembea. Hakuna mstaafu mwingine Mbulu nzima mwenye kitu kama hiki. Mwalimu mstaafu Baltazar, ambaye tangu parokia imfikishe Ngorongoro mara moja anahubiri faru kuliko padri anavyohubiri Injili, alisimama barabarani akasema gari langu linafanana na la kubebea maiti. Wivu mtupu! Dongobesh watu walivua kofia tulipopita. Nao wana wivu.

Mke wangu Paskalina hakucheka. Miaka yake yote ya ukunga hakupelekwa popote, nami nimemwahidi viboko wa Ziwa Basotu. Amesema nikileta ujanja wangu hata mara moja, atakwenda kuwaona peke yake. Ujanja gani? Mimi, Hhando, bwana ghala mkuu wa shamba la ngano mpaka walipolibinafsisha? Sina ujanja. Nina akili.

Jumanne, 6 Julai
Tumepita Nangwa. Paskalina aliomba tusimame autazame Mlima Hanang. Nikamwambia mlima hauhami, autazame dirishani. Akafunga pazia mpaka Katesh.

Mbele ya Katesh tumeegesha karibu na boma la Wabarbaig. Mama mwenye boma, mwanamke mrefu mwenye bangili za shaba mpaka kwenye kiwiko, akaja kutusalimu. Kusikia tu mke wangu ni mkunga, akamshika mkono: mkwe wake alikuwa na uchungu tangu asubuhi, na mwanawe Gidamis yuko mbali anachunga ng'ombe. Paskalina akaenda mbio. Hakuaga! Ufunguo wa sanduku la chakula akaondoka nao mfukoni.

Nilivumilia. Jua likageuka. Tumbo likaanza kesi. Mwishowe nikaenda, nikapiga hodi, nikaingia.

Makelele! Utafikiri chui kaingia. Naam, najua. Hata kwetu Bashay mwanaume haingii kwenye nyumba ya mzazi. Lakini mimi nilifuata ufunguo, sikufuata mtoto! Nilifukuzwa kwa mwiko wa ugali. Mtoto ni wa kiume, mzima. Hakuna aliyeniuliza kama nimekula.

Jumatano, 7 Julai
Nimeshtakiwa! Kumbe wanawake wa hapa wana baraza lao, na mwanaume akiwavunjia heshima wanamtoza. Walikaa kwenye kivuli cha kipanya changu mwenyewe kunihukumu. Nikajitetea kwamba mimi ni mgeni. Mama Gidamis akauliza, kwa Kiswahili safi kuliko cha Baltazar, kwani kwetu wanaume huwa wanaingia? Wakamgeukia Paskalina. Nilimkonyeza. Akasema hapana, hawaingii, na huyu anajua vizuri sana.

Mke wa ndoa! Wa kanisani!

Faini: dume moja la ng'ombe, jeusi. Mpaka lifike, mkunga ni mgeni wao. Paskalina hakupinga hata kidogo. Alikuwa anakunywa maziwa kwenye kibuyu na kuchekacheka. Nimelala peke yangu. Godoro pana mno.

Alhamisi, 8 Julai
Leo mnada. Madume meusi yana bei ya wendawazimu. Soko huria! Nikampata kijana mpole mwenye dume dogo jekundu. Pesa hakutaka sana; alitaka godoro, mke wake kajifungua. Nikampa godoro na shuka yake, tairi la akiba na redio. Amenishukuru mpaka nikamwonea huruma.

Jekundu, jeusi, tofauti ni rangi tu. Nina oili chafu. Nina masizi ya jiko. Nimelipaka dume mpaka kwato. Limependeza! Nikalipakia ndani ya kipanya, nyuma ya mapazia. Limekula pazia moja.

Ijumaa, 9 Julai
Nashindwa kuandika kwa hasira.

Nilifungua mlango mbele ya baraza zima. Dume halikungoja kukabidhiwa. Likashuka, likapiga mlio, likakimbia moja kwa moja zizini, likasimama ubavuni mwa mama yake! Watoto wakaliita kwa jina, wakalikumbatia, wakatoka weusi kama mafundi magari. Kijana wa mnadani akatokea. Ndiye Gidamis! Nitajuaje? Kwani ana alama usoni kwamba ni mtoto wa fulani?

Nikamtazama Paskalina, nikitegemea huruma. Akasema godoro na shuka aliyoidarizi kwa mkono wake vililetwa tangu jana, mzazi kavilalia, naye alikuwa anangoja tu kuona nitasema nini. Hakupaza sauti. Akasema, baba Marieta, nilikuomba jambo moja.

Faini sasa ni madume mawili. Meusi ya kuzaliwa nayo. Lile dogo wanasema halihesabiki, limerudi kwao tu.

Jumamosi, 10 Julai
Amekwenda! Kapanda lori la ngano la Basotu, yeye na Mama Gidamis na wanawake wenzao, wakiimba. Na viboko ni wangu! Wazo ni langu, ramani ni yangu! Nililifuata lori kwa miguu mpaka vumbi likanishinda. Hakugeuka.

Kipanya kimya. Nimelala juu ya mbao. Bila yeye, hao viboko ni nyama tu ndani ya maji.

Jumapili, 11 Julai
Nimefikiri, nimeona kosa lilipo. Ni oili. Ningetumia rangi ya viatu.

Lakini Paskalina atarudi, maana mkunga hamwachi mgonjwa. Asubuhi nilimtuma Gidamis kwa baiskeli, akaseme nina malaria kali. Nikajifunika blanketi nje ya kipanya, nikafanya mazoezi ya kutetemeka.

Gidamis amerudi jioni. Peke yake. Kaniletea panadoli mbili ndani ya kipande cha gazeti, na salamu kwamba ziwa ni zuri na viboko hawamsumbui mtu.

Panadoli! Kwa mume! Basi malaria ni ugonjwa mdogo kwake, ningelijua hilo mapema. Kesho Gidamis anarudi kumwambia nimekata kauli, nangoja padri tu.