Nilifuata Msamaha wa Kodi, Nikakaa Pasipokalika

Leo nimeaibika jamani. Tena mchana kweupe, nimevaa suti.

Naandika nikiwa kwenye benchi nje ya ofisi, jasho bado halijakauka. Wanakikundi wenzangu wa nyuki mnanijua. Mimi ni Mhoja. Shule niliishia darasa la pili, karibu na mlango. Lakini asali ya Usinge niliibeba kwa baiskeli mpaka Tabora mjini, mpaka baiskeli ikazaa pikapu, na pikapu ikazaa nyumba ya bati hapa Chemchem. Sikupewa na mtu. Kwa hiyo mkiona herufi zimelala, ziamsheni wenyewe.

Sasa kuna jambo wengi wenu hamlijui. (Kesho litakuwa limeshafika mpaka sokoni, bora mlisikie kwangu.) Mguu wangu wa kushoto si wangu. Kuanzia chini ya goti ni wa bandia. Ule mwaka nilioanguka kutoka juu ya mninga nikitundika mzinga, mkaambiwa nimelazwa kwa malaria, haikuwa malaria. Niliporudi nikafunga geti, nikajifunza kutembea upya uani kama mtoto, na sikutoka nje mpaka mwendo uliponyooka. Mke wangu anajua. Watoto wanajua. Na mtani wangu Chibago, yule Mgogo fundi viatu, anajua, maana ndiye anayenitengenezea kiatu cha upande huo. Basi. Wengine wote mlikuwa mnaona mwanaume mzima anapita.

Shida ni klachi. Mguu wa bandia haujui klachi iko wapi. Miaka yote hii pikapu ni yangu, lakini kiti changu ni cha abiria. Dereva akitaka kusimama amsalimie mchumba wake, tunasimama wote, mimi na madumu yangu ya asali. Nikasema hapana. Sitakufa bila kushika usukani wa gari langu mwenyewe. Nikaagiza gari la otomatiki, lile lisilo na klachi. Likafika bandarini Dar. Nikatajiwa kodi yake, nikaomba maji ya kunywa. Ndipo mtu mmoja akaniambia mwenye ulemavu husamehewa kodi ya gari, ila ni lazima athibitishwe. Asipothibitishwa, alipe. Asipolipa, gari linapigwa mnada. Mimi siwezi kulipa. Kwa hiyo gari langu lote lilikuwa limening'inia kwenye siku ya leo.

Fomu nilijaza kwa msaada wa mke wangu. Chini kabisa kulikuwa na maandishi madogo kama mayai ya sisimizi. Akanisomea: atakayetoa maelezo ya uongo atashitakiwa. Tangu hapo usingizi ukanihama. Najua mguu haupo! Lakini nyinyi vijana hamjui hofu yetu sisi. Sisi tumekua zama za kodi ya kichwa. Baba yangu akisikia mgambo wanapita kijijini, alikuwa anaingia porini kwenye mizinga yake, anarudi kesho kutwa. Wengine walirithi ng'ombe. Mimi nilirithi kukimbia neno kodi.

Jana nikaenda kwa Chibago aning'arishie viatu. Nikamweleza hofu yangu.

"Hebu tembea nikuone," akasema.

Nikatembea.

"Mtani, umekwisha."

"Nimekwisha nini?"

"Unatembea kama afande anakagua gwaride. Ukiingia hivyo watakuuliza ulemavu umeuacha wapi. Nyie Wanyamwezi mlibeba mizigo ya watu mpaka pwani na kurudi, leo ulemavu wako mwenyewe unakushinda kubeba?"

"Na nyie Wagogo mliotutoza hongo kwa kupita tu kwenu, tangu lini ushauri mnatoa bure?"

"Huu bure, kwa sababu nakuonea huruma. Chechemea! Chechemea mpaka waone aibu kukuuliza."

Akaingia ndani, akatoka na gongo moja la kwapani. Sikumuuliza amelipata wapi. Fundi viatu huachiwa vitu vingi.

Nikafanya mazoezi uani. Gongo kwapa la kushoto, mguu wa kushoto unaburuzwa, uso umekunjwa. Mke wangu alikuwa anachambua mchicha. Akaniangalia kwa muda mrefu, akauliza, "Baba Kulwa, ngoma gani hiyo?" Nikamjibu kuwa ni mambo ya serikali, hawezi kuelewa. (Alielewa vizuri kuliko mimi. Mtu ana ukweli wake mkononi, anakwenda kuutafutia uongo wa kuusindikiza!)

Leo saa tatu asubuhi nikafika kwenye ofisi ya kuthibitishwa. Getini kuna mlinzi mwenye bunduki.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba."

"Samahani, hilo gongo nilikague."

Nikampa. Akaligeuza, akaligonga chini, akachungulia kwenye mpira wake wa chini kama vile nimeficha bangi. Mimi macho kwenye bunduki. Akanirudishia. Hapo ndipo palipoharibika, na sikujua. Gongo lilitoka kwapa la kushoto, likarudi kwapa la kulia. Na kwa yale mazoezi ya jana, gongo lilipohama, mguu mbovu nao ukahama ukalifuata.

Nikakaa kwenye benchi, hili hili. Mlango ukafunguka, akatoka bwana mmoja amekumbatia faili. Hakumsalimia mtu. Aliyekaa pembeni yangu akanong'ona, "Huyo wamemkatalia."

"Mzee Mhoja!"

Nikaingia, nachechemea kama nilivyofundishwa. Meza moja, watu watatu. Daktari kijana mwenye miwani. Mama wa kodi, mihuri miwili mbele yake. Na wa tatu... jamani. Wa tatu alikuwa mama Neema. Neema ni mke wa mwanangu Kulwa. Yaani huyu mama ni mkwe wangu! Najua anafanya kazi ya ustawi wa jamii, lakini kituo chake ni Urambo. Kumbe mwenzake wa hapa kasafiri, wamemwazima yeye.

Kwa malezi niliyolelewa mimi, mkwe si mtu wa mchezo. Humpi mkono. Hamkai mkeka mmoja. Ukikutana naye kwenye njia nyembamba, wewe ndiye unayeingia majanini. Akija kwangu hunikuta nimeshakaa kitini, na huondoka sijasimama. Ndiyo maana habari ya mguu hakuwa nayo.

"Habari za asubuhi, mkwe," akaliambia faili lake.

"Nzuri, mkwe," nikaliambia dirisha.

Mama wa kodi akatutazama. "Mnafahamiana?"

"Tumeozana watoto," nikajibu.

"Basi mama atashuhudia tu. Maswali tutauliza sisi."

Daktari akaniomba nitembee mpaka dirishani na kurudi. Nikatembea. Niliburuza mguu, jamani. Nikatia na "assii" mbili, moja ya kwenda na moja ya kurudi. Nikasimama, nahema, nasubiri huruma.

Daktari akasoma barua ya hospitali. Akanitazama miguu. Akasoma tena.

"Mzee, mguu wako wa bandia ni upi?"

"Wa kushoto."

"Mbona unachechemea wa kulia?"

Nikatazama chini. Gongo liko kulia. Mguu niliokuwa nauburuza kwa uchungu ni ule ule niliozaliwa nao, mzima kama mchi.

Mama wa kodi akafunika kalamu yake, taratibu. Kalamu ikifunikwa taratibu namna ile, ujue mambo yameharibika.

"Mzee wangu, unajua adhabu ya maelezo ya uongo?"

Nikajiona nimevaa sare, nalima shamba la gereza kwa mguu wa plastiki, na gari langu analiendesha mtu mwingine, anampigia mchumba wake honi.

"Mguu haupo kweli!" nikapaza sauti. "Haupo! Mimi nilikuwa naongeza tu!"

"Unaongeza nini?"

"Ulemavu."

Daktari akavua miwani, akaanza kuifuta, mabega yanatikisika. Mama wa kodi hakucheka. "Ulemavu hauongezwi, mzee. Vua suruali tuone."

Sasa hiyo suti fundi aliibana. Kuipandisha mpaka gotini haiwezekani, ni kuvua tu. Na ndani nimevaa bukta aliyonishonea mke wangu kwa kitambaa kilichobaki kwenye mapazia ya sebuleni. Maua makubwa, ya njano. Mapazia hayo hayo mkwe aliyasifia kwa kinywa chake alipokuja kwetu.

Mkwe akavuta kiti chake mpaka nyuma yangu, upande wa dirisha, akageuzia uso ukutani.

"Mama, huwezi kugeuka," mama wa kodi akasema. "Fomu inataka wajumbe wote watatu washuhudie kwa macho yao."

"Macho yangu mimi hayamtazami mkwe akiwa hana suruali."

"Ni kazi ya serikali hii."

"Serikali iniandikie barua ya onyo. Nitaipokea kwa mikono miwili."

Nilimheshimu mkwe wangu mara mia. Lakini heshima yake ndiyo ilikuwa inaniuzia gari! Mama wa kodi akapumua, akaacha mhuri wa kwanza, akasogeza mkono kwenye ule wa pili. Mimi kusoma sikusoma sana, lakini wino mwekundu naujua.

"Subiri!" nikapiga kelele. "Naweza kuutoa bila kuvua!"

Ni kweli. Mguu ule una kitufe pembeni. Ukikibonyeza, unaachia. Mtu mwenye akili angeomba kiti kwanza. Mimi nilikuwa nautazama ule mhuri. Nikainama, nikakipapasa kitufe juu ya kitambaa, nikabonyeza. Tik! Nikavuta kwa mikono miwili kupitia chini ya suruali, gongo likaanguka huko, mguu ukachomoka mzima mzima, na soksi yake, na kiatu kinang'aa kama kioo. Nikaunyanyua juu. Nikaubwaga mezani, juu ya fomu.

"Huo hapo! Kushoto! Someni wenyewe!"

Jamani, kwa muda wa kuhesabu moja mpaka tatu nilikuwa mtu mkubwa kuliko wote Tabora. Daktari mdomo wazi. Mkwe naye akageuka aone kelele ni za nini.

Kwenye nne nikaanza kuyumba. Mguu mmoja hausimamii ushindi. Nikaenda mbele, nikarudi nyuma, nikarukaruka kama kuku aliyekanyaga kaa la moto, nikanyoosha mkono nishike meza, meza ikawa mbali. Nikatafuta ukuta. Nikakosa ukuta. Nikakaa.

Nilikaa mahali laini.

Nilikaa mapajani kwa mkwe.

Mlinzi alikuwa amesikia kelele, akaingia na bunduki yake, akatuona, akaishusha. Mnajiuliza kwa nini sikusimama. Ningesimama na nini? Mguu uko mezani!

Mama wa kodi, kwa uso mkavu uleule, akafunua kalamu.

"Daktari, umeshuhudia?"

"Nimeshuhudia," daktari akasema, machozi yanamtoka.

"Na mimi nimeshuhudia. Mjumbe wa tatu?"

Nyuma ya shingo yangu ikatoka sauti ya mkwe, nyembamba, haina pumzi.

"Nimeshuhudia. Ni mzito, lakini mguu hana."

Mhuri ukagongwa. Ule wa kwanza, wa bluu.

Daktari na mlinzi wakaninyanyua, wakaniweka kwenye kiti, wakanipa mguu wangu. Mkwe akasimama, akajikung'uta gauni, akatazama dirishani. Mimi nikatazama sakafu.

"Mkwe," akaliambia dirisha, "mila unaijua."

"Naijua, mkwe. Faini yake ni mbuzi."

"Jike. Na usimtume mtu. Umlete mwenyewe Urambo."

"Nitamleta mwenyewe," nikaiambia sakafu. "Nikiendesha."

Sasa nimekaa hapa nasubiri barua ichapwe, na kila anayepita kwenye korido ananiangalia miguu. Ombi langu kwenu ni moja. Humu kundini hakuna kucheka. Atakayecheka nitamjua kwa namba yake, na siku nitakayopita na gari langu, huyo ataendelea kutembea.