Njooni Mmchukue Injinia Wenu

Ndugu Mhariri wa Ukurasa wa Nyumba na Makazi,

YAH: MAKALA YENU KUHUSU UMEME WA JUA, NA MUME WANGU

Natumaini barua hii itakukuta mzima wa afya, na kwamba ofisi yenu ina nafasi ya mtu mmoja zaidi. Kwa nini naulizia nafasi, utaona mbele.

Mimi ni fundi cherehani. Nashonea nyumbani, katika chumba cha mbele chenye dirisha la barabarani. Mume wangu ni karani mstaafu wa masjala. Kwa miaka thelathini na mmoja alipanga mafaili ya watu, na siku alipostaafu alirudi nyumbani hana faili hata moja. Miezi minne mizima alikuwa akizunguka sebuleni, akinyoosha vitambaa vya makochi ambavyo vilikuwa vimenyooka. Nilimwonea huruma. Ndiyo maana Jumamosi ile gazeti lenu lilipofika, mimi mwenyewe, kwa mkono wangu huu, nilimpa ukurasa wenu nikamwambia, "Soma hii, Baba Pacha, labda itakufaa." Kosa hilo ni langu, nalikiri. Yanayofuata yote ni yenu.

Makala ilisema kuna mambo matano ambayo mwenye nyumba anapaswa kuyajua kabla ya kufunga sola. Kwanza, paa liwe imara. Pili, kusiwe na kivuli. Tatu, ajue nyumba yake inatumia umeme kiasi gani. Nne, betri zitoshe. Tano, apate fundi mwenye ujuzi na dhamana ya maandishi. Sina ugomvi na hayo matano. Ni ya kweli, na yameandikwa vizuri. Ugomvi wangu ni jambo la sita ambalo hamkuliandika: kabla ya kufunga paneli, akaguliwe mwenye nyumba. Paa letu lilikaguliwa mara tatu. Mume wangu hakukaguliwa hata mara moja.

Malalamiko yangu ni haya.

1. Kuhusu paa. Fundi sola alikuja, mtu mrefu, mpole, anayeongea kama amekuja kumwona mgonjwa. Akapanda, akagonga mabati, akashuka, akasema mbao mbili juu ya chumba cha kulala zimeoza, na kwamba hafungi kitu mpaka zibadilishwe. Fundi mwingine angefunga akaenda zake. Mume wangu alifurahi kana kwamba ni yeye aliyesifiwa. "Umeona? Jambo la kwanza hilo!" akaniambia, akiligonga gazeti lenu kwa kidole. Mbao zikabadilishwa, paneli nane zikapanda, matundu ya skrubu yakazibwa sawasawa, na mvua kubwa ilipokuja hatukuvujiwa hata tone. Hili silalamikii. Nimeliandika ili ujue kwamba mimi ni mtu wa haki.

2. Kuhusu kujua nyumba inatumia umeme kiasi gani. Mwandishi wenu alimshauri mwenye nyumba "aorodheshe vifaa vyote". Ndugu Mhariri, humwambii karani wa masjala aorodheshe vifaa vyote, halafu ukageukia shughuli zako. Aliorodhesha siku tisa. Kila chenye waya kilifunguliwa faili. Pasi ina faili. Birika lina faili. Redio ya jikoni ina faili lenye kiambatisho, kwa sababu ya ile mikwaruzo yake. Cherehani changu kikubwa kimeandikwa "Mtumiaji Na. 4", na mimi nimeandikwa "Msimamizi wa Mtumiaji Na. 4". Tumeoana miaka thelathini na mitatu.

3. Kuhusu dhamana. Ameitia plastiki ngumu na kuitundika sebuleni, mahali palipokuwa na picha ya harusi yetu. Nilipouliza, alinieleza kwa upole kwamba picha ya harusi haina tarehe ya kuisha, kwa hiyo haina haja ya kuonekana kila siku.

4. Kuhusu vumbi. Fundi alisema paneli zikishika vumbi zinapungua nguvu, hivyo zifutwe mara kwa mara kwa maji na kitambaa laini. Nyumba ya fundi cherehani haikosi kitambaa laini. Kilichochaguliwa kilikuwa bitana ya suti ya bwana harusi mmoja, mita mbili, nyeupe. Bwana harusi huyo aliambiwa bitana ya kahawia ndiyo inayovaliwa mwaka huu. Amenishukuru, na amenitangaza kwa wenzake, nami tangu siku hiyo naona haya kumtazama usoni.

5. Kuhusu betri. Betri zipo kwenye kichumba cha stoo kando ya jikoni, pamoja na inveta, yaani kile kisanduku cha ukutani chenye kioo kinachoonyesha betri zimejaa asilimia ngapi. Zamani mume wangu akiamka alikuwa ananisalimu. Siku hizi anaamka, anavaa ndala, anakwenda stoo, anarudi na namba. "Sabini na mbili," anatangaza, uso umemnawiri kama aliyepata mjukuu. Ikiwa hamsini na tano, tunakunywa chai kimya.

Ametundika ubao kwenye mlango wa jikoni, na kila baada ya saa moja anaandika namba kwa chaki. Chini yake kuna ratiba: pasi, saa tano hadi saa saba mchana; birika, mara moja, saa sita; vifaa vya joto visiwashwe viwili kwa pamoja. Nakubali kwamba pasi na birika hula umeme kuliko taa zote za nyumba. Fundi mwenyewe alitueleza. Lakini fundi alieleza akaondoka. Mume wangu hakuondoka. Na ile swichi ya kuturudisha kwenye umeme wa nguzoni, ambayo fundi aliiweka makusudi kwa ajili ya siku za mawingu, ameitia kufuli. Anasema kuigusa ni kukata tamaa.

6. Kuhusu mama mkwe. Mama yake ana miaka themanini na mmoja, na alikuja kukaa nasi wiki mbili. Mama huyu hunywa chai alfajiri, mazoea ya tangu ujana wake. Siku ya nne akawasha birika. Mume wangu alitoka stoo mbio, akasimama mbele ya mama yake mzazi, mama aliyembeba mgongoni, akasema, "Samahani, Mama. Tuko arobaini na moja. Jua bado."

Mama akamtazama kuanzia ndala hadi kichwani. Kisha akanigeukia. "Mkwe wangu, huyu anaumwa?"

"Haumwi, Mama. Alisoma makala."

"Makala ya nani?"

Nikasema sijui jina la mwandishi. Akasema si kitu, atamwombea hivyo hivyo bila jina, Mungu atamjua. Tukaenda nyuma ya nyumba, tukawasha jiko la mkaa, tukanywa chai sisi wawili, huku tukimsikia mwanawe ndani akifuta ubao. Saa nne asubuhi Mama alifunga mzigo wake akahamia kwa wifi yangu, ambako umeme haumwulizi mtu anataka kufanya nini.

7. Kuhusu kivuli. Hapa naomba usome polepole, maana hapa ndipo paliponiuma.

Jirani yetu ni muuguzi mstaafu. Tumekaa ukuta kwa ukuta miaka ishirini na sita. Kila siku saa nne asubuhi alikuwa akija chumbani kwangu, anaketi karibu na dirisha, ananitungia uzi kwenye sindano maana macho yangu yamechoka, na tunamsengenya kila anayepita barabarani, kwa haki na bila upendeleo. Uani kwake kuna mparachichi. Kuanzia saa tisa na nusu alasiri, kivuli cha mparachichi huo huangukia paneli zetu mbili za mwisho. Na makala yenu ilisema kivuli kidogo juu ya paneli moja kinaweza kuvuta chini umeme wa safu nzima.

Mume wangu alipanda juu na chaki, akachora ukingo wa kivuli kila nusu saa, siku tatu mfululizo. Kisha, badala ya kuita tu ukutani kama watu wanavyofanya, akamwandikia barua yenye kumbukumbu namba na nakala mbili, moja kwa fundi sola na moja kwangu. Akamtaka jirani "kuchukua hatua stahiki dhidi ya matawi husika".

Jirani alisimama ukutani na barua ile mkononi. "Shemeji," akasema, "pacha wako nimewapokea kwa mikono hii. Leo unaniandikia kumbukumbu namba?"

Mume wangu akajibu kwamba namba husaidia katika ufuatiliaji.

Hakuja tena. Siku kumi na tisa, Ndugu Mhariri. Nilitunga uzi mwenyewe, nikajichoma, watu wakapita barabarani na nguo za ajabu na sikuwa na wa kumwambia. Mara mbili nilikwenda kumwomba radhi. Alinipokea vizuri, akanipa soda, akazungumza nami kama mgeni wa heshima. Hapo ndipo nilipojua kweli ameumia.

8. Kuhusu jinsi mambo yalivyokwisha, ambalo ndilo lalamiko langu kubwa kuliko yote.

Siku ya ishirini, mchana, umeme wa nguzoni ulikatika mtaa mzima. Siku iliyofuata nao haukurudi. Nilikuwa nashona kwa mkono, mara nikakumbuka kwamba jirani ana kisukari, na dawa yake ya sindano hukaa kwenye jokofu. Nikatupa nguo chini, nikakimbilia stoo kumwambia mume wangu, nimejiandaa kwa vita. Stoo hayupo. Nikatoka nje. Nikamkuta juu ya ukuta, amekaa kama yuko juu ya farasi, anavuta waya mrefu kuupeleka dirishani kwa jirani. Nyumbani kwetu alikuwa amezima kila kitu, hata jokofu letu, hata redio. Ubaoni ameandika kwa herufi kubwa: DAWA KWANZA.

"Shemeji, lete plagi ya jokofu," alikuwa anasema. "Na unisamehe ile barua. Sikujua kuandika kwa namna nyingine."

Jirani aliivuta plagi ya jokofu hadi dirishani, akamkabidhi. Kisha akamwambia ashuke kabla hajavunjika nyonga, kwa sababu yeye ameshastaafu na hana nia ya kumfunga mtu bandeji. Nikajua yamekwisha. Nililia kidogo, nikajifuta kwa sketi ya mteja.

Sasa unaweza kuuliza, kama yamekwisha, unalalamika nini? Nalalamika hivi. Jokofu la watu lilikaa kwenye umeme wetu siku tatu, na kwa siku hizo tatu jirani alikuja kila saa kuangalia namba. Mume wangu akamwonyesha kioo. Akamwonyesha mafaili. Muuguzi, kumbe, naye ni mtu wa kuandika vipimo kila saa! Wiki iliyofuata alimwita mkata miti kwa hiari yake, akapunguza matawi yanayotazama kwetu, akabakiza mti. Sasa anakuja kila siku saa nne asubuhi kama zamani. Anapita mbele ya dirisha langu, ananipungia mkono, anakwenda stoo. Nawasikia wakishangilia. Juzi walifika mia moja kabla ya saa sita, wakapeana mikono. Nilikuwa nimempoteza rafiki mmoja kwa sababu ya ugomvi. Sasa nimewapoteza wawili kwa sababu ya amani.

Kwa hayo yote, naomba yafuatayo. Gazeti lichapishe sahihisho, liseme kwamba mambo si matano bali ni sita. Kila fundi sola, kabla ya kupanda juu, amhoji mwenye nyumba kama aliwahi kufanya kazi masjala. Na mwisho, gazeti lije limchukue mume wangu, kwa kuwa ni nyinyi mliomfanya injinia. Hana usumbufu. Anakula chochote, haongei ovyo, na mafaili yenu yatanyooka ndani ya wiki moja. Gari liwe na nafasi ya ubao. Jirani akitaka kupanda naye, apandishwe, ila mumrudishe Jumapili.

Nisalimie wote hapo ofisini, wapiga picha, wapiga chapa, na mama anayewapikia chai, kama anaruhusiwa kuwasha birika. Msalimie pia mwandishi wa makala. Simchukii. Anaandika kwa kueleweka mno, hilo ndilo tatizo.

Ni mimi, kwa heshima zote, niliye chini ya paneli nane,

Fundi Cherehani

N.B. Barua hii imekaa mezani siku tano, na katika siku hizo kumetokea jambo. Mume wangu amekwenda kwa wifi yangu kumwomba mama yake radhi, na kituo chake cha umeme, yaani stoo na ubao, ameniachia mimi. Jumatatu umeme wa nguzoni ukakatika tena. Mafundi wenzangu watatu wa mtaa huu wana sare za shule za kumaliza, wakaja mlangoni na vyerehani vyao wamevikumbatia kama watoto wachanga. Tukaviwasha vyote kwa pamoja, jua la saa sita, tukashona tukiimba mpaka jioni. Tumeamua tusiachane, chumba cha mbele sasa ni karakana. Kwa hiyo msije kumchukua mtu yeyote. Na sahihisho lisichapishwe, watu wasije wakaogopa bure. Leo asubuhi nimemwita yule fundi mpole aongeze paneli sita, na mume wangu hajui lolote. Fundi yuko juu hivi sasa. Ameinama ukingoni mwa bati ananiuliza kama sita zitatosha kweli, na mimi nimesimama uani na kalamu hii mkononi, najaribu kuhesabu kama zinaweza kuenea nane.