Kompyuta Iliyokataa Kumzika Mama Mkwe

Duka la Uchapaji,
Suna, Migori.
Jumatano.

Kwa Mzee Obare,
Mwenyekiti wa Kamati ya Mazishi,
Muhuru Bay.

Mzee wangu,

YAH: KOMPYUTA YANGU KUHUJUMU MAZISHI

Nakuandikia kwa biro, mimi mwenye duka la kuchapa. Hilo peke yake likuonyeshe nilivyodhulumiwa. Kamati ilinipa kazi ya kuandaa kijitabu cha mazishi ya shemeji yako, Mama Susana, tutakayemzika Ijumaa. Nilikimaliza Jumatatu jioni. Tangu jana asubuhi kompyuta inawaka nusu, inaandika kwamba haijaona mfumo wa kuanzia, halafu inanitazama tu. Malalamiko yangu ni haya:

1. Nimeizima na kuiwasha mara kumi na tisa. Nimeifungua, nimepuliza vumbi, nimetoa kadi ya RAM nikaisugua kwa kifutio cha shule. Mke wangu Liz aliuliza kama nimeangalia kilichochomekwa nyuma. Nilimwambia yeye ni mfiwa, apumzike, mashine awaachie wenye mashine.

2. Fundi Monari, kwa simu kutoka Kehancha, alishauri niweke mfumo upya, kila kilichomo kifutike. Mzee, mtu kama huyo anaachwaje kutembea huru?

3. Nasikia Mwalimu Ochieng, mume wa dada yake Liz, ameanza kijitabu chake kwa mkono, na katika orodha ya wakwe mimi ni wa saba. Ndani ya kompyuta mimi ni wa kwanza. Simshuku mtu. Nauliza tu ni nani anayefaidika kompyuta isipowaka.

4. Mama huyu alianika dagaa wa omena miaka thelathini akasomesha watoto wote, na akanipa binti yake bila kunizungusha. Azikwe bila habari zake kusomwa? Hilo linaniuma, sitanii.

Kwa hivyo naomba mazishi yaahirishwe hadi kompyuta ipone. Ochieng anyang'anywe biro. Kompyuta nitaileta mbele ya kamati, wazee waihoji, na ikinyamaza itakuwa imekiri kosa.

Wasalimie wote hapo nyumbani: wapishi, watu wa hema, vijana wa kuchimba kaburi (waambie wasianze), na Mwalimu Ochieng pia, kwa kiasi.

Ni mimi mkweo mtiifu,
Stanley Mirumbe
(wa kwanza)

N.B. Liz amechomoa flashi nyuma ya kompyuta na imewaka hapo hapo. Flashi ni yangu, niliyoletea picha zangu nne za kijitabu. Siku mbili hizi kompyuta ilikuwa inatafuta mfumo ndani ya picha zangu. Tumechapa nakala moja, kurasa kumi na mbili, na Liz ameisoma yote akiwa amesimama. Kisha ameniuliza jina la mama yake liko ukurasa gani. Nimetafuta, Mzee, kutoka jalada hadi mwisho. Halipo. Kaburi lichimbwe. Ochieng aniweke wa saba, au popote. Naishia hapa kwa sababu Liz anataka biro, aandike habari za mama yake.