Choo Kilichoingia Kwenye Ramani

Jumatatu, 6 Agosti 1956
Tumeitwa barazani na Jumbe wa mji. Mpanda imejaa. Kila treni inashusha watu na mikeka yao, wote wanatafuta kazi mgodini, na bomba la maji haliwezi kuvutwa zaidi. Kwa hiyo mji hautapanuka. Kila uwazi ulio kati ya nyumba na nyumba utagawiwa, watu wajenge humo humo. Wenzangu wamepiga makofi. Mikono yangu imekataa.

Uwazi ulio pembeni mwa nyumba yangu una futi sitini. Nimeambiwa Gaspar, nyapara wa mgodini, ameshauomba. Gaspar ana watoto wanane na wake zake wawili wanapika pombe. Moto kutwa. Paa langu ni la nyasi, na huu ni mwezi wa Agosti, kiangazi kikavu. Nilipokuwa mtoto kule Kibaoni, moto ulianza jikoni kwa mtu mmoja, na kabla ugali haujaiva nyumba tisa zilikuwa majivu. Niliona kwa macho yangu. Nyumba hii nimeifyatulia matofali miaka minne, kila nikitoka kazini kwangu kwenye mizani ya stesheni. Chakula hakijapita leo.

Jumanne, 7 Agosti
Nimepita ofisini kwa Valeriani, Bwana Afya. Nimemuuliza juu juu tu, kama naulizia rafiki, ni kitu gani kinazuia mtu kupewa kiwanja mjini. Akanitajia mengi. Moja limenikaa: hairuhusiwi nyumba kuwa ndani ya futi thelathini kutoka choo cha shimo. Nimerudi nyumbani mbio mbio. Nitachimba choo katikati ya ule uwazi.

Alhamisi, 9 Agosti
Katikati kuna mwamba. Jembe limepinda. Nimesogea upande wangu, udongo ni laini. Mke wangu, Mama Imakulata, ameuliza tunataka choo cha pili cha nini, hata cha kwanza hakijafika nusu. Nimemwambia mji unakua, lazima tufikirie mbele. Amenitazama sana, kisha akaenda kuchambua mchele.

Nikiwa shimoni naogopa kuta zitaniangukia. Nikitoka naogopa Gaspar. Jioni amepita mwenyewe, akanisalimia vizuri na kuniletea magogo mawili ya kufunika mdomo wa shimo. Kwa nini ananisaidia? Mtu huyu ana jambo.

Jumapili, 12 Agosti
Choo kimekwisha. Kuta za matofali, paa, mlango wenye komeo. Watu wametoka misa wamepita kukiangalia. Mama mmoja amesema hata parokiani hakuna kama hiki.

Halafu Gaspar. Amekuja na kamba, amepigilia vigingi vya kiwanja chake. Nimemwonyesha choo, nikamtajia futi thelathini. Hakukasirika. Alisema choo si mlima, siku moja kinafukiwa na matofali yanapata kazi nyingine.

Ni kweli. Lazima choo hiki kisiweze kuondolewa na mtu yeyote.

Jumatatu, 13 Agosti
Nimeandika barua kwa wakubwa wa mji. Nimetoa choo changu kiwe cha watu wote wa mtaa. Nimeomba kiingizwe kwenye ramani kwa wino, kisiondolewe, kisihamishwe, hata mimi mwenyewe nikija kuomba. Sentensi hiyo ya mwisho nimeipenda. Nimezunguka nyumba kwa nyumba, nimepata vidole gumba thelathini na moja. Mama Imakulata amekataa kuweka chake. Anasema nikiogopa huwa sioni mbali.

Jumamosi, 18 Agosti
Wamekubali. Valeriani ameleta kibao chenye namba, amekipigilia mlangoni. Gaspar amenyimwa kiwanja. Alipita akisema pole pole tu kwamba alitaka kuezeka bati, na jiko la pombe lingebaki kule kule mgodini. Hayo anasema sasa.

Leo nimekula sahani mbili.

Jumanne, 21 Agosti
Sikufikiria foleni. Tangu alfajiri watu wamesimama chini ya dirisha langu, wanaongea habari za kwao. Mmoja ameniamsha kuniomba maji ya kunawa.

Hilo si kitu. Kitu ni sigara. Kila mwanaume anaingia na sigara, anasema ni kwa ajili ya harufu, na akitoka anakitupa kipande popote. Leo kimoja kimeanguka hatua tatu kutoka ukingo wa paa langu, kinatoa moshi. Nimekikanyaga mpaka kikapotea. Nimeomba ruhusa kazini, nasema naumwa. Kutwa nimekaa nje na ndoo ya maji miguuni. Kila anayewasha kiberiti, nanyanyua ndoo.

Ijumaa, 24 Agosti
Valeriani amekuja na kamba ya kupimia. Amesema anakamilisha ramani. Akapima kutoka chooni kwenda nyumba ya upande wa pili: futi arobaini na nane. Sawa. Kisha akageuka, akaivuta kamba kuja kwangu.

Futi kumi na mbili.

Nilimweleza kwamba sheria ile ni ya wanaotaka kujenga. Akasema kamba haimjui aliyetangulia. Nikasema basi nakifukia leo hii, na jembe ninalo. Akafungua faili, akanisomea barua yangu. Hata mimi mwenyewe nikija kuomba. Sahihi yangu, na vidole vya mtaa mzima. Choo kinabaki. Nyumba iondoke ndani ya siku kumi na nne.

Mama Imakulata alikuwa anatwanga. Aliacha, akakaa juu ya kinu, akatazama ukuta wa chumba cha mtoto. Angenitukana ningepumua. Nilishika ukuta, nikalia kama mtoto, na watu wa foleni wakaangalia pembeni.

Jumamosi, 8 Septemba
Tumehama. Gaspar amekuja na mkokoteni wa mgodini, amebeba milango na madirisha, hakudai hata maji ya kunywa. Sijui anataka nini.

Tumepewa uwazi kati ya nyumba ya mjane mmoja, Marselina, na uwazi mwingine. Marselina alisimama kifua mbele akituangalia tukishusha vyungu. Aliuliza kama tunapika sana. Aliuliza kama mtoto analia. Nimeumia. Watu wa mji huu hawana utu, wanaogopa jirani kama simba.

Sasa naogopa huo uwazi wa pili, anaweza kuja mtu yeyote. Lakini safari hii nimeuliza vizuri. Valeriani amesema banda la nguruwe halitakiwi kabisa kuwa ndani ya futi mia moja kutoka nyumba ya kuishi. Mia nzima! Nguruwe wawili naletewa Jumatatu, na barua ya kuliingiza banda kwenye ramani nimeshaianza. Nitalijenga ukingoni kabisa. Kiwanja chetu kina upana wa futi hamsini tu, kwa hiyo sitatembea mbali kwenda kuwalisha.