Jinsi Kazadi Alivyomfuata Mama Mkwe kwa Miguu

Sogeeni, enyi watu wa Likasi na wa kandokando yake, ninyi mliokalia viti vya plastiki mbele ya maduka na ninyi mliolala baada ya chakula hata kiatu hamjavua. Zimeni redio, mwacheni mtoto akae chini, mnisikilize. Wengine watawasimulia vita vya wafalme na miji iliyochomwa. Mimi shule niliokota huku kidogo na kule kidogo, na hao wafalme sikuwaona. Hiki nilikiona, mwisho wake kwa macho yangu, mchana, jua likiwaka; na mwanzo wake niliambiwa na wenyewe, kila mmoja akimkatiza mwenzake.

Ninanena habari za Kazadi, dereva wa lori la mawe ya mgodi wa Kakanda, Simba wa Usukani, Baba wa Mabinti Wawili, Mwenye Tumbo Linalofika Kwanza: jinsi alivyoinuka kitini pake, akatembea.

Akatembea! Msicheke. Mngeujua mwili ule msingecheka.

Mwili ule ulijengwa kwa miaka mingi kama ngome inavyojengwa, tabaka juu ya tabaka, kwa bukari, huo ugali wetu wa mahindi, iliyorundikwa, kwa mbuzi wa kuchoma wa njiani, kwa soda baridi zilizoshuka kooni pasipo idadi, na zaidi ya yote kwa kukaa. Kutoka nyumbani hadi lorini alipakiwa pikipiki. Kutoka lorini hadi baa, pikipiki. Na kati ya baa na nyumba yake palikuwa na ukuta mmoja tu, napo pia, wanasema, aliwahi kuuliza kama pikipiki iko karibu. Mtaa mzima wa Kikula uliuheshimu mwili huo. Ukipita, watu walisema: yule mke anajua kupika.

Basi ikawa siku moja daktari, mtu mwembamba asiyetabasamu, alimfunga mpira mkononi, akaujaza upepo, akasoma saa yake ndogo, akaisoma tena. Kisha akanena: ule majani kwa wingi, upunguze mafuta na soda, na utembee, wewe na watu wa nyumba yako. Ndiyo hayo tu. Ila Simba wa Usukani aliona hizo ni silaha za maskini. Majani! Miguu! Yeye alitaka silaha ya kisasa, akamkabidhi simu yake Jessy, bintiye mkubwa, naye akaweka ndani yake kile kitu cha kuhesabu nguvu ya kila chakula kinachoingia kinywani.

"Papa, inauliza kama ulikula jibini," akasema Jessy.

"Iambie nilikula bukari."

"Bukari haijue."

"Haijue bukari? Ilizaliwa wapi, hii telefoni?"

Naam, kifaa kile kilijua jibini za mataifa yote na hakikuijua bukari. Hapo shujaa akaapa kwamba atahesabu mwenyewe, tonge kwa tonge, kwa sauti kubwa ili asijidanganye. Na kwa kiapo hicho, jamaa zangu, ndipo balaa ilipoingia.

Kwa maana nyumbani mle alikuwamo mgeni. Madeleine, mke wa Kazadi, alikuwa mjamzito wa kukaribia kabisa kujifungua, na mama yake, Mama Orpa, alikuwa amefika kutoka Tshangalele, kule ziwani, kuja kumpokea mtoto, kama akina mama wanavyofanya. Mwanamke mkavu, mrefu, miguu ya kuzunguka ziwa na mikono ya kukausha samaki. Mama Orpa Asiyegeuka Nyuma. Na kwa heshima ya ukwe, ambayo sote tunaijua, mkwe mwanamume hali mbele ya mama mkwe, hamtazami usoni, hamwiti jina. Hivyo Kazadi alikula sebuleni peke yake, na Mama Orpa alikula jikoni, nyuma ya pazia, pamoja na Madeleine na wajukuu, mikono yote katika beseni moja.

Mama Orpa akakata tonge. Kutoka sebuleni, ng'ambo ya pazia, ikaja sauti nzito:

"Moja!"

Akakata la pili.

"Mbili!"

Akalinyanyua la tatu, akalishikilia hewani, akasikiliza. Kimya. Alipolipeleka kinywani:

"Tatu!"

Akalirudisha la nne katika beseni. Naye Kazadi, kwa bahati yake mbaya, alikuwa anatafuna. Mama Orpa akalichukua tena polepole, kama mtu anayenyemelea panzi.

"Ine!"

Ninyi mnaelewa. Kwetu mgeni hahesabiwi matonge. Afadhali umfukuze, maana aliyefukuzwa huweza kuitwa tena. Mama Orpa akanawa mkono, kidole kwa kidole. Akafunga mzigo wake katika kitenge. Akasimama katikati ya jiko akahutubia:

"Madeleine, mutoto yangu. Minye nilikuya hapa kukamata mutoto yako, sikukuya kumaliza bukari ya bwana yako. Eko anaihesabia. Bon. Aihesabie peke yake."

"Mama, haiko weye anahesabia! Ni ya kwake, ni mambo ya dokta..."

"Nilisikia na masikio yangu. Kila nikinyanyua mukono, namba. Naenda ku gari ya Tshangalele. Na mukwe mwenye kunifuata juu ya pikipiki ao mu gari, minye niko na miguu, huyo sitamuona. Nitamupita kama muti."

Akatoka kwa mlango wa nyuma. Hakukimbia. Mama Orpa hakukimbia maishani mwake. Alitembea tu, na watu waliokuwa wakikimbia walimwona mbele yao.

Kazadi alikuwa amefika saba pazia lilipofunguliwa, na Madeleine akasimama pale, mkono mmoja kiunoni na mwingine juu ya tumbo lake, ambalo siku hiyo lilikuwa mshindani halali wa lile la mumewe.

"Papa Jessy. Acha hiyo bukari. Mama anaenda."

"Anaenda wapi?"

"Ku Tshangalele. Anasema ulimuhesabia. Sasa sikia: Mama akipanda ile gari, na minye kesho napanda. Mutoto atazaliwa kule ku maji, na jina batamupa batu ya kule, bo benyewe. Weye utamuonea mu picha."

Simba wa Usukani akawa mweupe, kadiri mtu wa rangi ile anavyoweza.

"Mwite Franck alete pikipiki!"

"Mama alikataa pikipiki. Ni miguu, Papa Jessy. Ile miguu unakuwanga nayo, iko wapi?"

Hapo akavishwa silaha. Viatu vyake havikuonekana, kwa kuwa vilikuwa havijahitajika. Akavaa kandambili za mkewe, visigino vikabaki nje kama watu wawili waliokosa nafasi. Taulo likawekwa shingoni kwa ajili ya jasho. Jessy akasimama kuume kwake, na Michelle mdogo, mwenye miguu ya mbuzi, akateuliwa kuwa tarishi, maana mkwe hasemi na mama mkwe ana kwa ana. Hivyo jeshi la nyumba ya Kazadi likatoka.

Lo, vumbi lile! Vijia vile kati ya viwanja, ubao ule juu ya mfereji uliolia kwa uchungu alipoukanyaga! Mbele sana kitenge cha Mama Orpa kilionekana, kikapotea, kikaonekana. Na pale kwenye kona ya soko, akiwa juu ya farasi wake wa chuma, alimngoja Mjaribu. Ni Franck, aliyembeba Kazadi miaka yote.

"Patron! Kuko nini? Lori ilikufa? Panda!"

"Hapana, Franck."

"Patron, batu batasema nini? Batasema Franck na Patron balikosana! Panda hata mupaka pale tu."

Mkono wa Kazadi ukatua juu ya kiti cha pikipiki. Kiti kilikuwa na joto, laini, kimebonyea kwa umbo lake mwenyewe. Mashujaa wengi wameangukia hapo.

"Papa," Jessy akasema, akimtaja bibi yake, "Kambo alisema atakupita kama muti."

Akauondoa mkono, kidole kwa kidole. Franck akabaki akimtazama kama mtu aliyeachwa na mchumba.

Wanawake wa sokoni wakaona nao. Tina, muuza mchicha wa lengalenga, akaacha mafungu yake akasimama.

"Weee! Huyu haiko Papa Jessy? Na miguu?"

"Na kandambili!"

"Basi kuko kilio. Mutu kama huyu hatembeake bila kilio. Jessy, mama, ni nani amekufa?"

"Hakuna mutu amekufa, Mama Tina."

"Banaficha kwanza," Tina akawaambia wenzake kwa sauti ya chini, akajifunga kitenge, akachukua majani yake kichwani. Nao wakafuata nyuma kwa adabu, wakiandaa koo, ili wafikapo kwenye msiba wasikutwe wakavu.

Ndipo kilima kikasimama mbele yao. Si kilima kikubwa. Watoto wa shule hukipanda wakila miwa. Lakini juu yake ndipo magari ya ziwani yanapopakia, na huko juu nilikuwa nimeketi mimi nikingoja gari lilelile, na dereva alikuwa tayari anapiga honi. Nikaona mama mmoja anapanda, mzigo kichwani, shingo haitikisiki. Nyuma yake mtoto akikimbia. Nyuma ya mtoto, mbali, tumbo; na nyuma ya tumbo, mtu.

"Kambo!" tarishi akasema, akimfikia. "Papa anasema alikuwa anahesabia matonge ya kwake."

"Muambie matonge hayana jina."

Michelle akashuka mbio, akapanda mbio.

"Papa anasema pole."

"Juu ya nini hii pole yake iko fupi?"

"Hana pumzi, Kambo. Anapumua kama pompi."

Nusu ya kilima palikuwa na jiwe. Tambarare, lina kivuli kidogo, limelainishwa na makalio ya vizazi. Kazadi akafika mbele yake akasimama akiyumba, na jiwe likamwita kwa jina lake. Honi ikapiga tena. Mtu wa kupakia akapaza sauti: nafasi moja! nafasi moja! Na pale, bila kukaa, mikono juu ya magoti, Kazadi akafanya kile ambacho wakwe hufanya wanapozidiwa: akamwambia mtoto kwa sauti ya kusikiwa na mkubwa.

"Michelle! Muambie Kambo yako... dokta alisema... damu inapanda sana. Alisema nikiendelea hivi... huyu mutoto mwenye kuya... pengine hatanijua. Niliogopa. Ndio juu ya ile nilihesabia. Sikujua kitu ingine ya kufanya."

Wanawake wa Tina, waliokuwa wamefungua midomo, wakaifunga. Jessy akamtazama baba yake, kwa kuwa hilo nyumbani hakulisema.

Mama Orpa akasimama. Hakugeuka, kwani heshima ni ya pande mbili. Akaongea akitazama gari.

"Michelle. Muulize papa yako: huyo dokta alimuambia ahesabie?"

"Hapana," ikaja sauti kutoka chini. "Alisema majani. Na kutembea, na batu ya nyumba."

"Na sasa papa yako eko anafanya nini?"

Michelle akageuka, akachunguza kwa uaminifu.

"Anatembea, Kambo. Kidogo."

"Na batu ya nyumba?"

"Minye niko hapa. Jessy eko kule, anamusukuma."

Kisha Mama Orpa akautua mzigo wake njiani, akasogea pembeni mbali kadiri ya heshima, akaupa mgongo.

"Ile gari iende," akasema. "Na mwenye kutaka mama mukwe arudi, apande achukue mizigo yake."

Sikilizeni sasa. Aliliacha jiwe. Aliukunja mguu wa kulia akauweka mbele, akauvuta wa kushoto kama mtu anavyovuta mtumbwi uliokwama kwenye matope, kandambili moja ikamtoka, hakuifuata, taulo likaanguka, hakuliinamia, akapanda, uso uking'aa, akiguna kwa kila hatua, Jessy akiwa nyuma yake na mabega yote mawili, Michelle akimvuta kidole, na akafika. Akainama, jambo ambalo lenyewe lingestahili kitabu. Akaushika mzigo wa mama mkwe, uliojaa samaki wakavu na chungu, akaupandisha begani, akasimama wima.

Na wale wanawake waliokuja kulia, sauti zikiwa tayari kooni na maiti hakuna, wangezipeleka wapi? Wakapiga vigelegele. Gari zima la Tshangalele likaitikia kwa honi. Nami nilipiga makofi, nikapanda, nikaichukua ile nafasi moja.

Walirudi kwa miguu wote, Mama Orpa mbele, mzigo nyuma, na njiani Tina akawakabidhi lengalenga zake, zilizokuwa zimesindikiza msafara tayari. Tangu siku hiyo sahani ilitoka nyuma ya pazia ikiwa na mlima wa majani, kipande cha samaki, na bukari ya kiasi alichoona Mama Orpa kinatosha, na hakuna aliyeuliza ni kiasi gani. Jioni nyumba nzima ilipanda kilima na kushuka, Madeleine akiwasindikiza hadi mlangoni. Mtoto alizaliwa Likasi, mikononi mwa bibi yake, na jina alipewa na baba.

Sanamu hawakumjengea. Lakini nilipopita tena Kikula, nilimsikia mtu dukani akibishana na mwenzake ni lini mvua kubwa iliezua bati la kanisa. Huyu anasema hivi, yule vile. Mwishowe mwenye duka akawakata: "Ilikuwa ile wiki Papa Jessy alitembea na miguu." Ubishi ukaishia hapo, kwa sababu hiyo tarehe kila mtu anaijua.