Korido Iliyonipora Wageni

Jumatatu, 7 Julai
Wanahisabati wamefika kwa kongamano letu la kila likizo. Mimi, mratibu wao, nimewaandalia ukumbi: mapazia mapya, viti vyenye mito, kengele. Nikapiga kengele. Ukumbini tukawa mimi na fundi wa vipaza sauti. Wageni wote walikuwa kwenye korido, karibu na vyoo! Wamesimama, wanautazama ubao uliotundikwa ukutani. Wanatazama nini? Mkuu wa Idara ya Fizikia akapita, akaniuliza kama mapazia yanauzwa. Anataka kongamano lihamie kwake mwakani, na Ijumaa wageni watapiga kura. Likihama, uso wangu nitauweka wapi?

Jumanne, 8 Julai
Nimeichunguza korido. Kuna benchi bovu, birika la chai, ubao wenye ufa. Nimeng'amua: ni benchi! Nikalihamishia ukumbini mapema. Wamekaa sakafuni. Profesa mmoja mrefu amenishukuru, eti sasa anaweza kunyoosha miguu.

Jumatano, 9 Julai
Basi ni chai. Nimeipeleka ukumbini. Wakaja wote! Nikakimbilia kengele. Kugeuka, ukumbi mtupu, wameondoka na vikombe vyangu. Mke wangu amecheka mpaka akajishika mbavu. Anasema kama nawashwa hivyo kujua, si niwaulize wenyewe? Niulize! Mratibu haulizi, anachunguza.

Alhamisi, 10 Julai
Nimeondoa ubao. Wakaandika kwenye vioo vya madirisha. Nikajibanza stoo ya mafagio, sikio mlangoni. Kimya kirefu. Halafu mmoja akasema, “Labda.” Wengine wakapiga makofi. Labda nini? Nilikuwa nimeinama nisikie vizuri, mafagio yakaniporomokea. Mlango ukafunguliwa na Mama Chaki, profesa mkongwe kuliko wote, ndoo ikiwa mguuni kwangu. Sikuwa na ujanja tena. Nikauliza wanaipendea nini korido hii.

“Hapa hakuna anayetusimamia, mwanangu,” akasema. “Ukikosea unafuta, unakunywa chai, unaanza upya.”

Nikaona wivu, sifichi. Mimi nikikosea naitiwa kikao. Nimewarudishia ubao, benchi na birika, na nikanywa nao kikombe kimoja. Sikuelewa kitu, lakini sikutaka kuondoka.

Ijumaa, 11 Julai
Nimeshinda! Wamepiga kura warudi hapahapa, na wote wametaja korido. Mkuu wa Fizikia ana kumbi tu, amenywea. Machozi yalinilengalenga, nikasingizia vumbi la chaki. Ila maneno ya Mama Chaki hayajanitoka kichwani. Hazina kama ile, na haina msimamizi! Tumeiachaje hivihivi miaka yote? Nimeshaandaa ratiba ya mwakani: zamu za kusimama, kadi za kuingilia, kibali cha kufuta. Meza yangu itakaa katikati, mbele ya ubao, niwaone wote. Kengele nimeshaitundika juu ya birika. Mke wangu ameisoma ratiba, akanitazama, akaenda kulala. Nadhani amevutiwa.